Kinywaji cha mtoto wako kimepimwa na nani?

CHUKUA chupa ya soda au pakiti ya juisi iliyoko nyumbani mwako, usome maandishi madogo yaliyo ubavuni. Baada ya maji na sukari utakutana na majina ambayo hayatajwi jikoni: asidi ya sitriki, sodiamu benzoeti, tatrazini, aspatemu. Pengine hata jina halipo, bali kuna herufi E na nambari tu, kama vile E211 au E102. Wengi wetu tukifika hapo huona kwamba hayo ni mambo ya wakemia. Tunafungua kifuniko na kuwamiminia watoto.

Je, msomaji, umewahi kujiuliza ni nani ajuaye kwamba kilichoandikwa kwenye chupa ndicho kilichomo ndani? Na hata kikiwa ndicho, ni nani ajuaye kiasi chake? Swali hili si la wasomi peke yao. Kiasi cha kemikali ambacho hakimsumbui baba mwenye uzito wa kilo 70 chaweza kuwa kingi mno kwa mtoto wa chekechea mwenye kilo 15, ilhali wote wawili wamekunywa kutoka chupa moja. Jibu la swali hilo hupatikana maabarani. Makala haya yanaeleza jinsi kazi hiyo inavyofanywa, maana ya nambari zinazotoka huko, na jinsi wewe mwenye nyumba unavyoweza kuzitumia.

KWA NINI HUTIWA?

Kwanza, tusitishike bure. Kitu kutiwa katika kinywaji kwa makusudi hakukifanyi kuwa sumu. Sharubati ya machungwa uliyokamua asubuhi ikikaa mezani siku mbili bila jokofu itaanza kuchacha. Hamira na kuvu zilizo hewani na kwenye maganda ya matunda hupata sukari humo na kuzaana upesi. Mwenye kiwanda anayetaka kinywaji chake kikae dukani kwa miezi kadhaa hana budi kuvizuia viumbe hivyo, na njia mojawapo ni kutia kemikali ya kuhifadhi.

Inayojulikana zaidi ni sodiamu benzoeti, yaani E211. Hufanya kazi vizuri pale tu kinywaji kinapokuwa kichachu, chenye pH iliyo chini ya 4.5 hivi. Katika uchachu huo sehemu kubwa ya benzoeti hugeuka kuwa asidi ya benzoiki, ambayo hupenya ndani ya chembe za hamira na kuvu na kuzidhoofisha. Binadamu naye huimeza, lakini ini lake huiunganisha na kemikali nyingine ya mwilini na kuitoa kwa njia ya mkojo, aghalabu katika muda wa siku moja. Asidi hii imo pia katika mdalasini na baadhi ya matunda, bila ya mtu yeyote kuitia.

Kando ya vihifadhi kuna rangi, ambazo hazina kazi nyingine ila kupendeza macho. Kuna kemikali za utamu zinazotumiwa badala ya sukari au pamoja nayo, kama vile sakarini (E954), aspatemu (E951) na asesulfemu (E950). Kuna asidi za kuleta uchachu, na katika vinywaji vya kola na vile vya kuongeza nguvu kuna kafeini.

Hapa tuseme jambo moja wazi. Kati ya vyote vilivyomo katika soda ya kawaida, kilicho kingi zaidi baada ya maji ni sukari: takriban gramu 10 kwa kila mililita 100. Mzazi anayeogopa E211 huku akimpa mtoto soda kila siku amekimbilia adui mdogo na kumwacha mkubwa nyuma yake. Lakini sukari ulimi huijua. Vitu vingine havitambui.

ULIMI HAUPIMI

Twaweza kuonja tukajua kwamba chai ina chumvi mahali pa sukari. Hatuwezi kuonja tukajua kwamba juisi ina miligramu 100 za benzoeti kwa lita au 600.

Mfano wa kusikitisha zaidi twaufahamu hapa nchini, ingawa huo ulihusu sumu na wala si kitu kinachoruhusiwa kutiwa. Mnamo Novemba 2000, zaidi ya watu 100 walikufa jijini Nairobi na vitongoji vyake baada ya kunywa pombe haramu iliyotiwa methanoli, na wengine wakapofuka. Mei 2014 msiba wa aina hiyo ulirudi katika kaunti kadhaa, na ukaua makumi ya watu. Methanoli hufanana na pombe ya kawaida kwa rangi, kwa harufu na karibu kwa ladha. Wanywaji hao hawakuwa wajinga kuliko wengine. Walitegemea ulimi, na ulimi haukuwa na uwezo wa kuwaonya. Maabara yenye mashine ya kufaa ingeyatenganisha mambo hayo mawili kwa dakika chache.

CHUPA IKIFIKA MAABARANI

Tuifuate basi chupa moja ya juisi tangu ikiwa dukani. Mkaguzi hainunui moja tu. Huchukua chupa kadhaa zenye nambari moja ya kundi, yaani zilizotengenezwa pamoja, akazifunga kwa lakiri na kuandika mahali, tarehe na saa. Baadhi hupimwa, na nyingine huwekwa akiba bila kufunguliwa, ili mwenye kiwanda akibisha matokeo, ipatikane chupa ya kupimwa upya. Kipimo kizuri cha chupa ambayo haijulikani ilikotoka hakifai kitu mbele ya hakimu.

Maabarani chupa hupewa nambari, na mara nyingi mpimaji haoni hata jina la kampuni. Kama ni soda, kwanza huondolewa gesi kwa kutikiswa au kwa mawimbi ya sauti, kwa sababu mapovu huharibu vipimo vya ujazo. Kisha kinywaji hupitishwa katika chujio lenye matundu madogo sana, ambayo upana wake haufiki sehemu moja ya elfu ya milimita, ili nyama za tunda zisizibe mashine. Halafu hupunguzwa ukali kwa maji safi, tuseme mara 10.

Sasa huja kazi yenyewe, ambayo wakemia huiita kromatografia. Usitishwe na jina. Fikiria watu walioshuka pamoja kutoka matatu moja na kuingia katika soko lenye msongamano, wakitaka kutokea upande wa pili. Asiyependa mitumba atavuka upesi. Apendaye atasimama kwenye kila kibanda, na atatokea amechelewa. Wametangulia pamoja lakini hutoka mmoja mmoja, kila mtu kwa wakati wake.

Soko hilo ni bomba la chuma lenye urefu wa sentimita 15 au 25, lililoshindiliwa chembechembe ndogo kuliko unga. Pampu yenye nguvu husukuma maji yaliyochanganywa na kemikali nyingine kupita ndani yake. Mpimaji huingiza tone dogo la juisi, pengine mikrolita 20, ambazo hazifiki tone moja la dawa ya macho. Sukari hupita upesi bila kujali. Kafeini, benzoeti, sorbeti na sakarini hunaswa na kuachiliwa, kila moja kwa kadiri yake, zikatoka kwa zamu katika muda wa dakika 10 au 20.

Mwisho wa bomba kuna taa ya mwanga ambao jicho la binadamu halioni. Kila kemikali ipitayo hapo humeza sehemu ya mwanga huo: benzoeti humeza vizuri kwenye urefu wa mawimbi wa nanomita 230 hivi, na kafeini kwenye nanomita 273. Mashine huchora mstari, na kila kemikali ipitapo, mstari hupanda kama kilima na kushuka. Wakati kilima kinapotokea huonyesha ni kemikali gani. Ukubwa wa kilima huonyesha ni kiasi gani.

Lakini kilima peke yake hakisemi miligramu. Kwa hiyo kabla ya juisi, mpimaji hupitisha maji aliyoyatia benzoeti safi kwa kiasi anachokijua: miligramu 5 kwa lita, kisha 10, 20 na 40. Hulinganisha vilima hivyo na kile cha juisi. Kikilingana na kile cha miligramu 15, naye alikuwa ameipunguza juisi ukali mara 10, basi juisi yenyewe ina miligramu 150 kwa lita.

MPIMAJI NAYE HUPIMWA

Pengine utauliza, na mashine ikikosea je? Hilo ni swali la haki, na maabara nzuri hujiuliza kila siku. Kwanza hupima maji matupu. Kilima kikitokea penye maji matupu, basi kuna uchafu ndani ya vyombo. Pili, hupima juisi ileile mara mbili au tatu na kuona kama majibu yanakubaliana. Tatu, huchukua juisi hiyo na kuiongezea kwa makusudi benzoeti ya miligramu 100 kwa lita. Ikiwa kipimo kipya hakijaongezeka kwa kiasi kinachokaribia 100, kuna kitu kimepotea njiani, na matokeo hayatolewi.

Maabara zinazofuata utaratibu wa kimataifa ujulikanao kama ISO 17025 hulazimika kuweka kumbukumbu za mambo haya yote na kukaguliwa na watu wa nje. Kwa hiyo ukiona mtu ametangaza kwamba amepima kinywaji fulani na kukuta sumu, uliza kwanza: alipima wapi, kwa njia gani, na alipata kiasi gani? Jibu lisilo na nambari si jibu la maabara.

RANGI NA UZI WA SUFI

Rangi zina njia yao, na mojawapo ni ya zamani yenye kupendeza. Mpimaji hutia asidi kidogo katika kinywaji, akakichemsha pamoja na uzi mweupe wa sufi. Rangi nyingi za viwandani zenye asili ya asidi hushika sufi kama zinavyoshika nguo, na haziondoki kwa kusuuzwa. Rangi nyingi za asili, kama za matunda, hazishiki hivyo. Baadaye uzi hutiwa katika maji yenye amonia kidogo, rangi ikaachia. Hapo hutiwa tone lake kwenye karatasi maalum, kando ya matone ya rangi zinazojulikana, ili ionekane imefanana na ipi. Siku hizi mashine tuliyoieleza hufanya kazi hiyo kwa usahihi zaidi, lakini uzi wa sufi bado hufundishwa.

Kazi hii ni muhimu kwa sababu kuna rangi zinazoruhusiwa katika chakula na zisizoruhusiwa kabisa. Rodamini B, mathalani, ni rangi nyekundu ing'aayo ya kutia nguo na karatasi. Haistahili kuingia mdomoni mwa mtu, lakini imewahi kukutwa katika vyakula katika nchi mbalimbali, kwa kuwa ni rahisi na inang'aa.

Hata zile zinazoruhusiwa zimezusha mjadala. Mwaka wa 2007 watafiti wa Southampton, Uingereza, walichapisha matokeo ya uchunguzi wa watoto karibu 300, wengine wa miaka 3, wengine wa miaka 8 na 9. Waliopewa kinywaji chenye mchanganyiko wa rangi na sodiamu benzoeti walionekana, kwa wastani, kuwa na utukutu zaidi kidogo kuliko walipopewa kinywaji kisicho na vitu hivyo. Tofauti ilikuwa ndogo, na watoto hawakulingana. Hata hivyo, tangu Julai 2010 Muungano wa Ulaya umelazimisha vyakula vyenye rangi sita, zikiwemo tatrazini (E102), E110, E122 na E124, viandikwe onyo kwamba huenda zikaathiri utulivu wa watoto. Juisi ya rangi ya chungwa inayouzwa hapa yaweza kuwa na rangi hizo bila ya onyo lolote. Ndiyo sababu yafaa usome nambari.

KIPIMO CHA BABA SI CHA MTOTO

Sasa tuzigeukie nambari. Kamati ya pamoja ya wataalamu wa Shirika la Chakula na Kilimo na Shirika la Afya Duniani, iitwayo JECFA, huweka kiasi ambacho mtu anaweza kukimeza kila siku maishani bila madhara yanayotarajiwa. Kwa kawaida hutafutwa kwanza kiasi ambacho hakikuwadhuru wanyama wa majaribio, kisha kikagawanywa kwa 100 au nambari nyingine, ili pawepo nafasi ya usalama. Kiasi hicho hutajwa kwa kila kilo ya uzito wa mwili. Maneno haya, kwa kila kilo, ndiyo yenye siri yote.

Kwa benzoeti, kipimo cha miaka mingi kilikuwa miligramu 5 kwa kila kilo kwa siku. Mwaka wa 2021 JECFA iliangalia ushahidi upya, ikakipandisha hadi 20. Wataalamu wa Ulaya, walipoangalia mwaka wa 2016, walibaki na 5. Ukitaka kuwa mwangalifu, tumia kile kidogo.

Hebu tuifanye hesabu. Juisi yetu iliyopimwa ina miligramu 150 kwa lita, ambacho ni kikomo cha Ulaya kwa vinywaji baridi vyenye ladha. Chupa ya nusu lita ina miligramu 75. Baba mwenye kilo 70 anaruhusiwa miligramu 350 kwa kipimo cha 5, kwa hiyo anaweza kunywa zaidi ya chupa nne kabla ya kukifikia. Mtoto mwenye kilo 15 anaruhusiwa 75. Chupa moja ya nusu lita imemaliza haki yake ya siku nzima. Kama shuleni alipewa pakiti nyingine, na jioni kwenye sherehe ya jirani akapewa soda, amevuka. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba cha mtoto ni kidogo.

Kuvuka siku moja hakumwangushi mtoto kitandani. Vipimo hivi vimewekwa kwa ajili ya unywaji wa kila siku kwa miaka. Hatari iko kwenye mazoea, na mazoea ndiyo tunayowajengea watoto wetu.

Kafeini ni vivyo hivyo. Kinywaji cha kuongeza nguvu chenye miligramu 32 kwa kila mililita 100 kina miligramu 160 katika chupa ya nusu lita. Kwa watoto, wataalamu wa Ulaya wametaja miligramu 3 kwa kila kilo kwa siku kuwa kiasi kisichotia wasiwasi. Mwanafunzi mwenye kilo 30 basi anaruhusiwa 90. Akiimaliza chupa hiyo, amekaribia kukipita mara mbili, na usiku wazazi watashangaa kwa nini halali.

Na aspatemu? Mwaka wa 2023 ilitangazwa na shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO kuwa huenda ikasababisha saratani, kwa ushahidi mdogo. Wakati huohuo JECFA ilibakiza kipimo chake cha miligramu 40 kwa kila kilo. WHO ilieleza kwamba mtu mzima wa kilo 70 angehitaji kunywa zaidi ya mikebe 9 hadi 14 kwa siku ili kukivuka. Wenye ugonjwa wa kuzaliwa uitwao fenilketonuria ndio wasioruhusiwa aspatemu, na ndiyo sababu vinywaji vingi vyenye kemikali hiyo huandikwa onyo.

KRETI ZILIZOANIKWA JUANI

Kuna jambo ambalo kiwanda chaweza kulifanya sawasawa, na likaharibikia dukani. Benzoeti ikikaa pamoja na vitamini C (E300) katika kinywaji kichachu, hasa penye joto na mwanga, yaweza kutoa kiasi kidogo cha benzeni. Hiyo ni kemikali inayojulikana wazi kuwa husababisha saratani ya damu.

Watengenezaji wa Marekani waliligundua jambo hili mwaka wa 1990. Lilizuka tena mwaka wa 2005, na idara ya chakula na dawa ya huko ikapima vinywaji zaidi ya 100. Vingi havikuwa na benzeni au vilikuwa chini ya mikrogramu 5 kwa lita, ambacho ni kikomo chao cha maji ya kunywa. Vichache vilizidi, na wenye viwanda wakabadilisha michanganyiko yao. WHO yenyewe imeweka mikrogramu 10 kwa lita kuwa kikomo cha maji ya kunywa. Mikrogramu 10 ni sehemu moja ya laki moja ya gramu; maabara huipata kwa kupima mvuke ulio juu ya kinywaji ndani ya chupa ndogo iliyofungwa.

Hakuna haja ya hofu kubwa hapa, lakini kuna funzo. Kreti za soda na juisi zilizoanikwa nje ya kioski kwa wiki nzima, jua likiziwakia tangu asubuhi, si kinywaji kilekile kilichopimwa kikitoka kiwandani. Nunua zilizokaa kivulini.

ALAMA YA UBORA INASEMA NINI?

Hapa Kenya kazi ya kuweka viwango ni ya shirika la KEBS, lililoanzishwa mwaka wa 1974 na lenye makao yake South C, Nairobi. Kuna pia Idara ya Mkemia wa Serikali, na maafisa wa afya ya umma wa kaunti, ambao sheria ya vyakula, dawa na kemikali, Sura ya 254, inawapa uwezo wa kuingia dukani na kuchukua sampuli.

Alama ya ubora ya KEBS kwenye chupa yamaanisha kwamba bidhaa ya kiwanda hicho ilipimwa ikaonekana inatimiza kiwango kilichowekwa, na kwamba kiwanda kimepewa kibali. Haimaanishi kwamba chupa hiyo uliyoishika mkononi imefunguliwa na kupimwa, maana chupa iliyofunguliwa haiuzwi. Wala haimaanishi kwamba kinywaji hicho ni dawa ya afya. Yamaanisha kuna mtu anayewajibika, anayejulikana alipo, na nambari ya kundi inayoweza kufuatwa.

Pamoja na hayo, alama hughushiwa. Kando yake pana nambari ya kibali. KEBS imeweka njia ya kuihakikisha kwa simu: andika SM, alama ya reli (#), kisha nambari ya kibali, utume kwa 20023. Jibu likikuletea jina la bidhaa tofauti na iliyo mkononi mwako, irudishe.

Sasa fikiria juisi iuzwayo katika chupa zilizookotwa na kuoshwa, isiyo na jina wala tarehe. Muuzaji wake huenda ni mtu mwema anayetafuta riziki. Amesikia kwamba benzoeti huzuia kuchacha, akanunua unga wake, na anapima kwa kijiko. Tuseme kijiko chake kimeingiza gramu 3 katika mtungi wa lita 5. Hizo ni miligramu 600 kwa lita. Gilasi moja ya mililita 250 ina miligramu 150 za sodiamu benzoeti, ambazo ni kama miligramu 127 za asidi ya benzoiki. Mtoto wetu wa kilo 15 amepita kipimo cha 75 kwa gilasi moja, na gilasi tatu zitampitisha hata kile kipya cha 300. Kesho kijiko kitajaa zaidi, au kitapungua na juisi ikachacha. Benzoeti ni ileile ya kiwandani. Kilichokosekana ni kipimo.

UFANYE NINI?

1. Soma orodha ya vilivyomo kabla ya kununua. Kwa kawaida vitu huandikwa kwa kufuata wingi, kilicho kingi zaidi kikitangulia. Kinywaji kisicho na orodha, nambari ya kundi wala tarehe, usimpe mtoto.

2. Juisi nzito ya kuchanganya na maji ipime kama ilivyoelekezwa. Ikiwa chupa yasema sehemu moja kwa nne za maji, usitie mbili ili inoge. Umezidisha karibu maradufu sukari, rangi na kihifadhi kwa pamoja.

3. Mpime mtoto uzito. Zidisha kilo zake kwa 5 upate miligramu za benzoeti zisizomzidi kwa siku, na kwa 3 upate za kafeini. Vinywaji vya kuongeza nguvu visiingie kwenye mfuko wa shule.

4. Weka vinywaji mahali pa baridi pasipo na jua, nawe umwombe mwenye duka afanye hivyo.

5. Mtu akiugua baada ya kunywa kitu, usimwage kilichobaki. Kifunge, kiweke jokofuni pamoja na chupa yenyewe, umpelekee mgonjwa hospitalini na chupa umpe afisa wa afya ya umma. Maabara haiwezi kupima kilichokwisha kumwagwa.

6. Mwenye shule, hoteli au biashara ya juisi anaweza kupeleka sampuli yake maabarani kwa malipo. Gharama hiyo ni ndogo kuliko ya kufungiwa biashara.

Na kwa kiu ya kila siku, maji yaliyochemshwa yakapozwa yangali ndiyo kinywaji bora kwa mtoto. Hayana orodha ya kusomwa. Soda ibaki kuwa ya sikukuu na wageni, nayo siku hiyo imiminwe kwa gilasi ndogo, kwa kadiri ya mnywaji na wala si kwa ukubwa wa chupa.